Kinachovunja mashirika ya Uvira ni daftari lililofichwa

UVIRA, Kivu ya Kusini – Mashirika mengi ya kusaidia wahami huanza vizuri: watu wa mtaa mmoja wanachanga, wanaandika sheria za ndani, wanatafuta muhuri. Mradi wa kwanza ukifika, baada ya muda kunakuwa na kamati mbili na marais wawili wanaoshtakiana. Huyu anasema mwenzake amekula pesa. Yule anajibu kwamba anaonewa kwa sababu ya kabila lake.

Neno kabila halichezewi hapa. Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na kule juu Bijombo, watu wamelia vya kutosha kwa ajili yake, na ubaguzi upo kweli. Lakini ukifuata ugomvi mpaka mwanzo wake, mara nyingi unakuta pesa iliingia na wanachama hawakuambiwa ni ngapi. Kabila huitwa baadaye, ili mtu apate wa kumtetea.

Chanzo cha kwanza ni mwanzilishi kudhani shirika ni shamba lake. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia ASBL nchini Kongo, inasema shirika la namna hiyo halitafutii wanachama wake faida ya mali. Hata hivyo, kuna mahali rais ni baba, mtunza pesa ni shemeji, na mkutano mkuu unaitishwa siku mfadhili anapokuja na gari.

Chanzo cha pili ni orodha. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, maelfu ya watu walibaki bila nyumba. Wakati kama huo, mwenye kalamu ana nguvu kuliko rais. Jina la mjane likifutwa na la jamaa ya mwandishi likaingia, ugomvi umeshapandwa, hata kama turubai lililoibwa ni moja.

Chanzo cha tatu ni msaada kukatika. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi ilisimama katika sehemu nyingi za Kivu. Chungu kikipungua, waliokula pamoja wanaanza kuhesabiana matonge.

Dawa haiko mbali. Wamama wa AVEC wanaweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Kila mkutano pesa inahesabiwa mbele ya wote. Nao wanagombana, lakini hakuna anayebishana juu ya kiasi kilichomo, maana kila mmoja amekiona.

Shirika linalopokea pesa nyingi kuliko wamama hao linashindwaje kufanya hivyo? Orodha isomwe kwa sauti mtaani kabla ya kugawa. Sahihi za benki ziwe za watu wasio wa nyumba moja. Rais awe na muda wa kuondoka, na hesabu zibandikwe ukutani. Hapo mwenye kuonewa kwa kabila atakuwa na ushahidi, na mwizi hatapata kabila la kujifichia.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Marais wawili wakipelekana mahakamani, wote wawili wanalala nyumbani kwao. Anayelala chini ya mvua ni mhami aliyekuwa anangojea turubai. Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza: daftari liko wapi?