Bi Harusi Kawa Kombora? Ma-MC Waache Mbwembwe

Kuna MC mmoja, jina lake kapuni, anayetamba sana kwenye harusi za Tanga na vitongoji vyake. Suti ya kung'aa, kiatu cha kuchongoka, na sauti anayo, hilo halina ubishi. Juzi kati alikuwa Maramba, kule Mkinga, kwenye harusi moja ya nguvu, maturubai yametandazwa, muziki unagonga, watu wamependeza. Bi harusi akaingia. Upepo ukampiga kidogo, shela likainuka, simu zote juu. Picha ilikuwa nzuri jamani. Hata angenyamaza tu, watu wangepiga vigelegele.

Hakunyamaza. Akakamata maiki: "Muoneni bi harusi wetu, ana-scud!"

Kimya. Halafu vijana wa meza za mbele wakaanza makofi, maana siku hizi neno lisiloeleweka ndilo linalopigiwa makofi. Nyuma huko mzee mmoja, wa umri wa kukumbuka taarifa za habari za 1991, akamuuliza jirani yake imekuwaje bi harusi akawa kombora. Na wala hakukosea sana. Scud ndilo jina ambalo NATO waliyabandika makombora ya Kisovieti, yale yale Iraki iliyoyavurumisha Israeli na Saudia wakati wa Vita vya Ghuba.

Sasa tufanye MC hakukusudia kombora. Kwa Kiingereza chenyewe neno hilo huwa la mawingu ya chini yanayokimbizwa na upepo, au la chombo kinachokimbia mbele ya dhoruba, matanga yameshushwa karibu yote na nahodha yuko kwenye dua. Bi harusi wa watu ni yupi hapo? Wingu la mvua, au jahazi linalonusuru roho? Ukitaka kujishaua kwa lugha ya mtu, basi angalau ujue unachosema.

Hayo yangekuwa kichekesho tu cha kusimuliana kama si bibi yake bi harusi. Mama wa watu kazaliwa Moa, pwani kabisa, kaolewa Maramba, kauza mbuzi wake wawili kuchangia shughuli ile. Aliposikia lile neno akamvuta mjukuu mwingine upindo wa dera: "Kasema nini huyo? Kamtukana mwenzio?" Mjukuu akamjibu, "Bibi nawe, tulia basi, Kizungu hicho." Akatulia. Harusi ya mjukuu wake, mbuzi wake, na kanyamazishwa kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni.

Na huyo bibi ndiye aliyekuwa na maneno! Mtu wa Moa anajua chombo kinapokwenda joshi na kinapokwenda demani. Anajua kusi, anajua kaskazi, anajua na tangambili pale katikati, pepo zinapobabaika hazijui zivume wapi. Tiara ya mtoto ikikatika uzi, kwake imekwenda arijojo, na ukilisikia neno lenyewe tu unaiona inavyoyumba kuelekea minazini. Hata hilo shela. Likicheza na upepo huku limeshikwa, linapepea. Upepo ukilichukua, linapeperuka. Likichomoka ghafla likaenda zake, limepuruka. Mambo matatu, maneno matatu, yote bure. MC kayapita yote akaenda kuokota moja la ng'ambo. Tena anakula pesa za harusi kwenye mkoa unaoitwa Tanga, mkoa uliomzaa Shaaban Robert 1909. Tanga ni nini kama si kitambaa cha kukamatia upepo?

Mashabiki wake wanasema lugha hukua kwa kukopa. Kweli kabisa, nani kakataa? Meza ni ya Mreno, shule ya Mjerumani, dereva kaja na gari la Mwingereza. Kiswahili kilikopa kwa sababu kitu kimekuja na jina lake. Huyu kaleta neno lililokuja mikono mitupu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari kwa wavuvi wa ukanda huu husema upepo mkali na mawimbi makubwa, basi, mtu anavuta dau lake juu. Hebu fikiria tahadhari ile isomwe kwa mtindo wa MC.

Lakini MC ni mfanyabiashara, anauza kinachonunuliwa. Wa kuulizwa ni kamati za harusi zinazomlipa zaidi kadiri anavyoeleweka kidogo, pamoja na wale wapiga makofi wa meza za mbele. Wengi wao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza wakageuziwa kila kitu Kiingereza, wakajifunza kutikisa kichwa darasani hata pasipoingia kitu. Wameiva. Sasa wanatikisa kichwa harusini, na asiyetikisa, kama bibi, anaambiwa mshamba.

Jioni, MC keshabeba chake na kuondoka, shangazi mmoja ndiye aliyekaa na bibi kumfafanulia lile neno. Bibi akacheka mpaka ukaya ukamdondoka.

"Kumbe kasema mtoto kapepea! Sasa si angesema?"