Hesabu ya Umeme na Waya wa Bweni

Watu wengi hapa shuleni hudhani kuwa hesabu za volti, ampea na omu ni mali ya chumba cha fizikia, za kufungiwa humo pamoja na mizani na betri. Mimi sikubaliani nao. Hesabu hizo yafaa ziingie bwenini, tena zitangulie kanuni ya kukataza mabirika.

Tuchukue birika la umeme. Chini yake pameandikwa wati 2,400. Hapa Uganda umeme wa nyumbani ni volti 240. Gawa wati kwa volti, utapata mkondo wa ampea 10. Gawa volti kwa ampea, utapata ukinzani wa omu 24. Hayo mwanafunzi wa kidato cha tatu ayafanya ubaoni bila shida. Lakini mwulize waya ulio nyuma ya kitanda chake wabeba ampea ngapi, atakutazama kama kwamba umemwuliza habari za mwezini.

Na hatari yenyewe imo katika waya huo. Waya mwembamba wa shaba wa mita 10, mkondo ukienda na kurudi, waweza kuwa na ukinzani wa karibu nusu omu. Utasema hiyo ni kidogo mno. Naam, lakini joto la waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Birika peke yake laupa waya joto la wati 50. Ongeza pasi ya wati 1,200 na koili ya kuchemshia maji ya wati 1,200, kila moja ampea 5. Sasa jumla ni ampea 20. Mkondo umekuwa mara mbili, lakini joto limefika karibu wati 200, yaani mara nne. Waya uliokunjwakunjwa chini ya godoro hauna pa kulitoa joto hilo. Fyuzi ya ampea 13 huenda isikatike upesi kwa mzigo huo, na ya yule aliyeweka msumari mahali pa fyuzi haitakatika kamwe. (Wako, nao hujiita mafundi.)

Wengine husema kwamba kijana akijua hesabu hizi atajua pia kiasi cha kuiba. Labda. Lakini mimi ningependa kulala karibu na mwizi wa wati 2,400 kuliko mjinga wa wati 4,800.

Georg Simon Ohm, mwenye kanuni hii, alikuwa mwana wa fundi wa makufuli na mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Aliipata kwa kupima waya za urefu mbalimbali, akaichapisha mwaka 1827. Basi waya ndio uliotangulia, karatasi ikafuata.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu watutungie maswali kutoka vibandiko vya pasi na mabirika. Viranja nao wabandike juu ya kila soketi ya bweni karatasi yenye maneno haya: volti 240 mara ampea 13 ni wati 3,120. Nanyi ndugu mliokwisha kumaliza shule, mlio na nyumba zenu, tazameni leo usiku nyuma ya friji, mjumlishe wati zote zilizoning'inia kwenye waya mmoja.