Kariakoo ilikuwa makazi kabla ya kuwa soko

Anayetaka kuziona nyumba za chini za Kariakoo, zile za vyumba sita zenye ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, afanye haraka. Zimebaki chache, na baadhi ya hizo chache zimekwisha kuzungushiwa mabati. Warithi wameingia ubia na mwekezaji, wapangaji wamepewa notisi, na muda si mrefu pale patasimama ghorofa lenye fremu za maduka chini na stoo juu. Dar es Salaam inakipoteza kitongoji kilichowafundisha watu wa makabila mengi kuishi pamoja, na gazeti hili halijaona juhudi yoyote ya maana ya kuandika hata kile kinachopotea.

Maafa ya Kariakoo tunayajua. Julai 10, 2021 moto uliunguza soko kuu, jengo la mwaka 1975 lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo, watu zaidi ya 20 wakafa, wengine wakanasa chini ya kifusi huku waokoaji wakiwapelekea hewa na maji. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo lile. Mara zote mbili mazungumzo ya taifa yalihusu wafanyabiashara, mizigo na mitaji, na ilikuwa haki kuyazungumza hayo. Mkazi wa Kariakoo ndiye aliyesahaulika, kana kwamba pale watu huja asubuhi na kuondoka jioni tu.

Wajerumani walikusudia eneo hili liwe la Waafrika muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina likaganda. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya vita, kanuni za ujenzi zikaugawa mji sehemu tatu: Wazungu upande wa bahari penye upepo, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi ili uwatenganishe. Huko Waafrika wakaruhusiwa kujenga kwa miti na udongo.

Sheria ilikuwa ya kibaguzi, lakini walioishi chini yake walijenga kitu ambacho mkoloni hakukipanga. Wazaramo na Washomvi walikuwa wenyeji. Wamanyema walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wanyamwezi walishuka na njia ya misafara, Waluguru na Wandengereko walikuja kutafuta kazi. Walikuwapo pia wazao wa askari wa Kisudani na wa Kizulu walioletwa na Wajerumani, na Washihiri wa maduka ya pembeni. Nyumba moja iliweza kuwa na vyumba sita na makabila manne. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa wanawake, alilala chumba kimojawapo, akapika uani pamoja na wapangaji wake, akajua nani ana mgonjwa na nani hajala. Mtoto wa mpangaji aliyefanya utundu alichapwa na jirani yeyote, na mama yake akashukuru.

Msiba ukitokea, watani ndio walioshika shughuli. Mzaramo na Mnyamwezi, Mngoni na Msukuma, kila mmoja alijua haki yake kwa mwenzake: kuzuia jeneza mpaka alipwe, kumwigiza marehemu, kuwachekesha wafiwa waliokwisha kukata tamaa. Mgeni aliyefika mjini hana ndugu hakuzikwa kama mtu asiye na mtu. Huo ni mfumo wa hifadhi ya jamii uliofanya kazi bila ofisi wala fomu, na ulitegemea watu kulala mtaa mmoja. Leo wajukuu wa nyumba hizo wametawanyika Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Bunju. Wanakutana makaburini, wanapeana namba za simu, wanaachana.

Siasa nayo ilizaliwa humo humo. Kleist Sykes, ambaye baba yake alikuwa askari wa Kizulu, alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Waafrika mwaka 1929. Julai 7, 1954 wajumbe 17 walikutana katika ofisi ya chama hicho, mtaa ambao sasa ni Lumumba, wakaanzisha TANU. Vikundi vya lelemama vya akina mama, alikotoka Bibi Titi Mohamed, ndivyo vilivyosambaza habari na kukusanya wanachama, kwa sababu tayari vilikuwa na wanawake wa kila kabila waliozoea kuitikiana. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilitokea mitaa hiyo hiyo, na nchi nzima mpaka leo inagombana kwa ugomvi wa vijana wa Kariakoo.

Tunajua jibu la upande wa pili, na tunaliheshimu. Kiwanja cha Kariakoo ni mali kubwa, na si haki kumwambia mjane alale chini ya bati linalovuja ili wengine wapate historia. Hatuombi soko lifungwe wala maghorofa yasijengwe. Wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni wanaofunga mizigo pale wanalisha familia nyingi. Tunachokikataa ni kubomoa usiku na kusahau asubuhi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kwa kipimo hicho hakuna nyumba ya Kariakoo inayostahili, kwa kuwa kitongoji chenyewe kilizaliwa baadaye. Lakini sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo lenye thamani ya kihistoria kuwa la kuhifadhiwa. Tunamtaka autumie, hata kwa mtaa mmoja tu wenye nyumba zilizobaki, na wamiliki walipwe fidia inayokaribia bei ya soko, maana uhifadhi unaomfukarisha mwenye mali ni dhuluma.

Halmashauri ya Jiji nayo ina kazi ambayo haihitaji sheria mpya. Ramani za ujenzi zitenge sakafu za kuishi watu na zisiruhusu stoo kujaa jengo zima. Matokeo ya ukaguzi wa kila ghorofa yabandikwe mlangoni, mpangaji na mchuuzi wayasome. Na kazi ya haraka kuliko zote iwe ya wazee. Aliyekuwa na miaka kumi TANU ilipoanzishwa sasa amevuka 80. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa na misikiti ya mitaa hiyo, inayowajua wazee hao kwa majina, waanze kuwarekodi mwaka huu. Kibali chochote cha kubomoa kisitolewe mpaka nyumba ipimwe, ipigwe picha, na waliolelewa ndani yake waulizwe nani aliishi chumba kipi.