Bangi ya Walikale inamlipa mwenye bunduki

NENO LA JUMAMOSI
Na Muhindo Bahati

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya dawa za kulevya ulitiwa saini New York mwezi Machi 1961, wiki kumi hivi baada ya Lumumba kuuawa. Kifungu chake cha 49 kilizipa nchi miaka 25 kukomesha utafunaji wa majani ya koka, na miaka hiyohiyo kukomesha uvutaji wa bangi. Mkataba ulianza kazi Desemba 1964, kwa hiyo muda ulikwisha 1989. Huko Andes bado wanatafuna. Huku kwetu Kivu Kaskazini, Masisi bado wanavuta.

Wabolivia hawakulionea haya jani lao. Walijitoa kwenye mkataba 2011, wakarudi 2013 kwa sharti kwamba kutafuna koka nchini mwao ni halali. Sisi Wakongo tulinyamaza, ingawa karne ya 19 kule Kasai, chifu Kalamba na watu wake wa Bena Diamba waliifanya bangi kuwa alama ya amani.

Simsifu mvutaji. Vijana wanaharibika, na watoto wa vitani tunajua wanavutishwa nini kabla ya kusukumwa mbele. Lakini marufuku imemzuia nani? Mkulima wa Walikale ana ndizi na mihogo, barabara hana. Mzigo unaoza kabla ya kuiona Goma. Bangi ikikauka ni nyepesi, haiozi, na ina mnunuzi. Akidhulumiwa hana pa kushtaki, maana atajishtaki mwenyewe. Anabaki mikononi mwa mwenye bunduki, naye halindi bure. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika jinsi waasi wa FDLR walivyochuma kwa zao hili. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariera 798 za barabarani katika Kivu zote mbili. Gunia la bangi likifika kwenye bariera hulipiwa mara mbili: kupita, na kunyamaziwa.

Dunia imeanza kulegeza. Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, tume ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa iliitoa bangi katika orodha kali kuliko zote. Mwaka 2021 Rwanda ikaweka kanuni za kilimo cha bangi ya dawa, ya kuuza nje tu, kwa wenye leseni. Hapo ndipo ninapoogopa. Kinshasa ikiamka itaiga jirani: leseni kwa kampuni, jela kwa mama wa Walikale anayejua mbegu, udongo na msimu kuliko mtaalamu yeyote atakayeletwa kwa ndege.

Kwanza mkulima mdogo aondolewe kifungo. Leseni zijadiliwe baadaye, naye akiwamo. Waheshimiwa wabunge wa Walikale, uanzisheni ninyi mjadala huu kabla wenye mitaji hawajauanzisha.