Mchoro Nao ni Kazi: Ubunifu wa Jukwaa na Riziki ya Mhitimu

Katika mjadala wetu kuhusu ajira za wahitimu kuna fani zinazotajwa kwa heshima, zinazotajwa kwa huruma, na zinazotajwa kwa kicheko. Ubunifu wa jukwaa umo katika kundi la tatu. Mwambie mtu kwamba kijana wake anasomea chuo kikuu namna ya kubuni mandhari, maleba na taa za michezo ya kuigiza, naye atakuuliza, bila nia mbaya, kama kupaka rangi mapazia kunahitaji miaka mitatu na ada. Swali hilo linastahili jibu la hoja, kwa sababu linaulizwa pia na watu wenye mamlaka ya kugawa bajeti, na msimamo wao ndio unaoamua hatima ya vijana wengi tunaowafundisha.

Hoja yangu ni kwamba ubunifu wa jukwaa ni kazi ya akili yenye bei. Chuo kikuu kina wajibu wa kumfundisha mwanafunzi kuifanya kazi hiyo na kuijua bei yake. Dola nayo, ambayo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa majukwaa nchini, ina wajibu wa kuilipa.

Nianze na kazi yenyewe. Chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ndani yake mhusika mkuu anaingia mtoni, watu wanamsubiri, kisha anatoka akiwa mkavu. Kwa msomaji aliyeketi na kitabu, tukio hilo linapita upesi. Kwa mbunifu ni mtihani: mto utaonekanaje juu ya sakafu ya saruji, katika ukumbi wenye taa nne, kwa bajeti ya shilingi laki moja? Ninapotoa zoezi hili darasani, wapo wanaoanza mara moja kuchora maji. Wanaofika mbali zaidi huanza kwa kuuliza hadhira inatakiwa iamini nini. Mmoja ataleta vitambaa vya kaniki vilivyoshikwa na waigizaji wenyewe, akimaanisha kwamba umma ndio unaoufanya mto. Mwingine ataiacha sakafu tupu na kuuweka mto katika mwanga na ngoma, akimaanisha kwamba mto ule ni imani. Hizo ni tafsiri mbili tofauti za Majimaji, na hakuna iliyoandikwa kwa maneno. Mwanafunzi asiyesoma historia hawezi kufika katika yoyote kati ya hizo.

Baada ya tafsiri huja hesabu. Mbunifu huchora ramani ya sakafu kwa vipimo, kisha hujenga mfano mdogo wa jukwaa, mara nyingi kwa uwiano wa 1:25, ambapo mtu wa sentimita 175 huwa na kimo cha sentimita 7. Ndani ya kijisanduku hicho hugundua mapema kwamba nguzo aliyoipenda itawaficha waigizaji wasionekane na watazamaji wa kushoto, au kwamba mlango ni mwembamba kuliko gauni litakalopita. Sharti ajue kwamba soketi ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hubeba takribani wati 3,000, kwa hiyo taa tatu za wati 1,000 zinaifikisha ukingoni. Sharti ajue bei ya plaiwudi, uzito ambao ngazi inaweza kubeba, na muda anaohitaji fundi cherehani kushona maleba ya watu kumi na wawili.

Maarifa haya si anasa. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, taa ya jukwaani ilirusha cheche zikashika pazia. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa lilikwama njiani, na watu walipokimbilia kutoka walikuta milango iliyofungwa au iliyofichwa nyuma ya mapambo. Zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Hapa kwetu pia, ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002. Yeyote anayedhani kwamba anayebuni jukwaa anashughulika na urembo tu hajawahi kujiuliza watu mia tano watatokea wapi umeme ukizimika.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, sisi kwanza tujenge madarasa na zahanati. Historia ya jirani zetu inatuambia vingine. Mwaka 1977, huko Kamirĩĩthũ karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba vijana walilipanga kwanza umbo la jukwaa kwa njiti za kiberiti, ndipo ujenzi ukafuata. Hapakuwa na paa. Viti vya mbao vilipangwa kama ngazi, na jukwaa likawa kama mwendelezo wa pale walipoketi watazamaji. Mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ilifuta kibali cha maonyesho, na Machi 1982 ikatuma polisi kuubomoa ukumbi wenyewe. Tulitafakari hilo. Mchezo ulikuwa umeshapigwa marufuku na mwandishi alikuwa ameshawekwa kizuizini, lakini bado mbao zile zilionekana kuwa hatari. Hakuna serikali inayotuma polisi kubomoa pambo. Kilichoogopwa ni nafasi ambamo mkulima aliketi na kujiona kuwa mwenye mchezo, na nafasi hiyo iliundwa na watu waliofikiri jinsi ya kuipanga.

Kama historia ya upinzani haimgusi mtunga bajeti, basi tuzungumze lugha ya soko. Mwaka 1997 mchezo wa muziki wa The Lion King ulianza kuonyeshwa Broadway, New York. Wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa, na mandhari yake ni mbuga zinazofanana na zetu. Mwaka 1998 mchezo huo ulipata Tuzo za Tony sita, na tatu kati ya hizo zilikuwa za ubunifu: mandhari, maleba na taa. Mandhari ilibuniwa na Richard Hudson, mzaliwa wa Zimbabwe. Wenzetu walilichukua neno la Kiswahili na jua la savana, wakawaita wabunifu, wakawalipa, wakaandika majina yao na kuwatunza. Utajiri huo ulianza katika meza ya kuchorea.

Sasa tutazame yanayowapata wahitimu wetu. Kijana mmoja niliyemfundisha aliombwa na taasisi moja ya umma atoe mapendekezo ya jukwaa la maadhimisho. Alipeleka ramani ya sakafu, michoro ya rangi na orodha ya vifaa yenye bei. Akaambiwa asubiri. Siku ya maadhimisho aliliona jukwaa lake kwenye televisheni, limejengwa na mzabuni wa mahema na viti. Alipoandika kuulizia malipo, alijibiwa kwamba taasisi ilinunua jukwaa, haikununua mchoro. Barua hiyo nimeisoma. Imeandikwa kwa adabu, na naamini aliyeiandika hakudhani kwamba anadhulumu. Katika makaratasi yake ya zabuni kulikuwa na mstari wa mbao, mstari wa vitambaa na mstari wa usafirishaji. Mstari wa ubunifu haukuwapo, na kisichokuwa na mstari hakilipwi.

Hapo ndipo mahubiri ya kujiajiri yanapopoteza maana. Tunamwambia kijana asisubiri kuajiriwa, kisha tunachukua alichokibuni bila malipo na kumlipa aliyekodisha viti. Hakuna anayemwambia mhandisi kwamba tumenunua daraja na si mchoro wa daraja. Msanifu majengo hulipwa kabla tofali la kwanza halijawekwa. Tofauti kati yao na mbunifu wa jukwaa haiko katika ugumu wa kazi. Iko katika ukweli kwamba wao wana mstari wao katika makaratasi.

Chuo kikuu kina sehemu yake katika kurekebisha jambo hili. Mwanafunzi anayehitimu akiwa ameandika insha nzuri kuhusu nadharia za mwanga, lakini hajawahi kupanda ngazi kuifunga taa, hajaandaliwa. Kila mwanafunzi wa fani hii abuni angalau onyesho moja la kweli, kwa fedha halisi hata kama ni kidogo, na aandike hesabu ya kila shilingi. Seremala, fundi umeme na fundi cherehani waingie darasani kama walimu, hata kama hawana shahada, kwa sababu maarifa wanayoyamiliki hayamo katika vitabu vyetu. Vilevile kuwe na somo la mikataba na hakimiliki. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo kazi za uchoraji ni miongoni mwa inazozilinda, lakini mwanafunzi anaweza kumaliza masomo bila kuisoma hata ibara moja.

Kwenu wanafunzi, soko lenu ni pana kuliko ukumbi wa chuo. Filamu inahitaji mandhari na maleba, makumbusho yanahitaji mpangilio, vituo vya televisheni vinahitaji studio, na harusi zetu zinatumia fedha nyingi katika mapambo ya kumbi. Msiidharau kazi ya harusi. Ipangeni kwa ramani na vipimo kama mnavyopanga tamthilia. Tunzeni jalada la kazi linaloonyesha safari nzima, tangu mchoro wa kwanza hadi jukwaa lililokamilika, pamoja na gharama zake. Kila mchoro utiwe jina na tarehe. Mteja akitaka mapendekezo, mpeni wazo kwa ufupi. Ramani yenye vipimo itoke baada ya makubaliano ya maandishi na malipo ya awali. Huo si ujeuri. Fundi wa nyumba naye haanzi kazi bila fedha ya vifaa.

Na kwenu watumishi wa umma, ambao ni wengi miongoni mwa wasomaji wa safu hii, ombi langu halihitaji sheria mpya. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana. Wahitimu wa sanaa wanaweza kuunda vikundi, kusajiliwa na kuomba kazi kwa njia hiyo, ilimradi kazi wanayoiweza itajwe katika tangazo. Basi, mtakapoandaa hadidu za rejea za maadhimisho yajayo, kabla ya mstari wa mahema, wekeni mstari mmoja unaosomeka “ubunifu wa jukwaa”, na mbele yake andikeni kiasi cha fedha. Pakiwa na mstari huo, mhasibu atajua pa kumlipia aliyechora, na mkaguzi atajua pa kuuliza asipolipwa.