Kufundisha na Kusomea Sheria

Mzazi mmoja wa Muleba ametuletea swali ambalo bila shaka linasumbua nyumba nyingi za huko na za Bukoba mjini. Mwanawe asomea shahada ya sheria kwa Chuo Kikuu Huria, kituo cha Bukoba, na siku tatu kila juma hufundisha katika shule ya sekondari. Kijana asema kazi hiyo itamfungulia mlango wa Shule ya Sheria ya Tanzania. Baba aona fedha ya kahawa yaenda bure. Wote wawili wametutaka tuamue.

Katika hilo la mlango, baba ndiye aliye na haki. Shule ya Sheria, iliyowekwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 2007, humtaka mwombaji awe na shahada ya sheria ya chuo kikuu kinachotambuliwa. Hata lau kijana angewafundisha watoto wote wa Kamachumu, barua ya mwalimu mkuu haitachukua nafasi ya shahada hiyo.

Twadhani uvumi huu umetoka Marekani. Huko sheria husomwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Mwombaji hupimwa kwa alama zake za chuo na za mtihani kama LSAT, ambao alama zake ni kutoka 120 hadi 180, kisha barua za walimu wake husomwa. Mwanafunzi aliyemsaidia profesa kufundisha hupata shahidi anayemjua kwa karibu. Hata hivyo alama ndizo hutangulia. Kwetu sisi, kazi ya mkufunzi msaidizi hupewa aliyekwisha kuhitimu, tena kwa alama za juu.

Lakini baba naye asifurahi upesi, kwani taabu ya Shule ile haiko mlangoni. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo yaliyoishtua nchi: katika wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kutafuta sababu.

Ndani ya nyumba hiyo ngumu, aliyefundisha ana akiba. Amezoea kusimama mbele ya watu, kupanga hoja, na kuulizwa ghafula jambo asilolitazamia. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani mwanafunzi mkubwa humsikiliza mdogo, na kwa kumsahihisha mwenziwe somo lake mwenyewe hukaa imara. Ila yafaa kutazama anafundisha nini. Uraia, historia na hasa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya masomo ya sheria vyuoni, vitamfaa sana. Hesabu zitampa subira na nauli ya kwenda Bukoba. (Walimu wa hesabu watusamehe.)

Basi kijana asiache kufundisha, lakini siku tatu ni nyingi kwa mtu asomaye peke yake bila ya mhadhiri wa kumhimiza kila asubuhi. Abaki na siku moja, au mbili kama ada haijatimia, na miezi ya mitihani ya chuo aombe ruhusa mapema, kabla ratiba ya vipindi haijabandikwa ukutani.