Kabla ya Ngumi, Mtoto Ajifunze Kuanguka

Mzazi wa Kariakoo ampelekaye mtoto wa miaka mitano kwenye mafunzo ya karate au judo aghalabu huwa na haja mbili: mtoto apate nidhamu, na asionewe shuleni. Haja zote mbili ni halali. Lakini mafunzo anayoyakuta mara nyingi ni ya watu wazima yaliyopunguzwa kimo tu, kama suruali ya baba iliyokatwa miguu: mistari iliyonyooka, hesabu za Kijapani, ngumi mia moja hewani, na adhabu kwa anayecheka. Mtoto wa umri huo hucheka. Kumnyima kucheka ni kumfungia mlango uleule ambao maarifa humwingilia.

Dar es Salaam si mgeni wa sanaa za kujihami. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika dojo ya Zanaki, mwendo usio mrefu kutoka Jangwani, na hadi leo mtaa huo hutajwa kwa heshima kila panapozungumzwa karate ya Tanzania. Ukali wa dojo una sababu zake kwa kijana aliyekwisha kukomaa viungo. Kwa mtoto wa chekechea sababu hizo hazipo, na mwili wake wenyewe ndio ushahidi.

Kichwa cha mtoto mchanga huchukua takriban robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima huchukua takriban moja ya nane. Mtoto wa miaka mitano yumo njiani kati ya vipimo hivyo: uzito wake uko juu, shingo yake bado dhaifu. Akianguka kinyumenyume bila kukunja kidevu, kisogo hupiga sakafu. Akianguka kwa mbele, hunyoosha mkono, na mifupa ya karibu na kiganja ndiyo inayovunjika. Tena karibu na ncha za mifupa yake mna sehemu laini ambako mfupa hurefukia. Jeraha la hapo laweza kuvuruga ukuaji. Kwa hiyo desturi ya “kukomaza” watoto kwa kuwapigisha ngumi ukutani, au kuwafanyisha pushapu za vifundo juu ya saruji, haina utetezi wowote wa kitabibu.

Japani, iliyoizaa judo mwaka 1882 kwa mkono wa Jigoro Kano, imelipa gharama ya somo hili. Katika takriban miongo mitatu tangu mwaka 1983, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kutokana na judo ya shuleni, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Mwaka 2022 shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuwa uchu wa ushindi ulikuwa umewapita kimo watoto wenyewe. Ikiwa wenye mchezo wamerudi nyuma, ni vigumu kuelewa kwa nini wazazi wa mjini hapa wawe na haraka ya medali za watoto wa miaka sita.

Nini basi kifundishwe? Kuanguka kwanza. Judo huliita somo hilo ukemi: kidevu kifuani, mgongo mviringo kama gurudumu, mkono ukipiga mkeka ili kupunguza kishindo. Nalo hufundishika kwa mchezo kuliko kwa amri. Duara la ukuti, ambalo kila mtoto wa uswahilini analijua, laweza kumalizika kwa wote kuchuchumaa na kubingirika nyuma juu ya godoro, kila mmoja akiwa amebana kitambaa kati ya kidevu na kifua. Anayeangusha kitambaa amesahau kukunja shingo. Hahitaji kukaripiwa, kitambaa kimekwisha kumwambia.

Wala mwalimu hana haja ya kuagiza michezo kutoka ng’ambo. Rede, ambayo wasichana wameicheza vichochoroni vizazi kwa vizazi, ni zoezi kamili la kukwepa: wawili warusha mpira wa matambara, wa katikati ajipinda, aruka, ainama, macho hayamwachi mrushaji. Huko ndiko kuupisha mwili kwenye njia ya pigo, jambo ambalo mwanafunzi wa karate hulihangaikia kwa miaka. Kidali po nacho, akichomekwa kila mtoto mkia wa kitambaa kiunoni, humfundisha umbali na hila za miguu bila mtu yeyote kupigwa. Gazeti lililosokotwa huwa upanga wa kurukwa na kuinamiwa. Na neno la Kijapani yame, yaani “simama”, likitamkwa katikati ya mbio ili wote wagande kama sanamu, hufanya kazi kubwa kuliko yote: humzoeza mtoto kuuzuia mwili wake ungali na hamu ya kuendelea.

Kuruka kichura kwastahili neno lake. Shuleni wengi wamekuonja kama adhabu. Zoezi ni lilelile na misuli ni ileile, ila mtoto aliyeruka kichura kwa kuadhibiwa hujifunza kuyachukia mazoezi, na aliyeruka akishindana kufika kwenye “kisima” huomba kurudia.

Wapo watakaosema kuwa hayo yote ni michezo tu, na ada imelipwa kwa ajili ya mkanda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowalinganisha wanafunzi wa chekechea hadi darasa la tano waliojifunza taekwondo ya jadi na wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida ya shule, uliona maendeleo makubwa zaidi katika kujitawala kwa wale wa taekwondo. Utafiti mmoja si msahafu. Lakini waelekeza kuwa thamani ya mafunzo haya haimo katika teke. Imo katika kusubiri zamu, kusikiliza na kujizuia, mambo ambayo mchezo wenye kanuni huyadai kila dakika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, mwaka 2016, kilishauri waanze na mbinu zisizo na kugusana.

Hapa mahali penyewe pana sauti yake. Bonde la Msimbazi hufurika, na maji yakipungua huacha tope, vioo na taka. Mtoto hafundishwi kubingirika juu ya ardhi hiyo, hata kama uwanja ni wa bure. Chumba chenye magodoro ya sponji yaliyofunikwa turubai chatosha kwa watoto kumi na wawili kwa zamu. Joto la Desemba nalo lataka maji ya kunywa karibu na vipindi vya asubuhi au jioni. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Katika mitaa ambako duka na bodaboda vimemeza uwanja, saa moja ya rede juu ya turubai si haba.

Mzazi na atazame kipindi kizima kabla ya kulipa ada, hasa jinsi mwalimu anavyomtendea mtoto aliyegongwa kichwa. Mtoto huyo hutolewa mchezoni siku hiyo, hata akisema ni mzima. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akilalamika kichwa kinachozidi kuuma au akionekana kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kipindi kiishe.